Uzi: Nilivyoipata leseni ya C-16, ukandarasi wa mifumo ya kuzima moto hapa California

SaidiaFundi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita mdau aliuliza humu kama fundi bomba wa Bongo anaweza kuja Marekani na baadaye akafungua kampuni yake ya kufunga springla, yaani vile vichwa vya darini vinavyomwaga maji moto ukiwaka. Akajibiwa kejeli tupu mpaka akafuta swali. Iliniuma, maana jibu lipo na mimi ninalo: inawezekana. Leseni yangu imetundikwa ukutani hapa mbele yangu. Ila njia yake siyo ile wengi tunayodhani, kwamba unabukua, unafanya mtihani, unapewa karatasi. Mtihani ulinila wiki sita. Kilichonila miaka ni kuthibitisha kwamba kazi nimeifanya kweli, kwa mikono hii. Nitaandika kirefu, mwenye haraka apite tu.

Kwanza leseni yenyewe. Marekani hakuna leseni moja ya nchi nzima kwa kazi hii, kila jimbo na mambo yake. California wakandarasi wako chini ya bodi inayoitwa CSLB. Kuna daraja A la kazi kubwa za uhandisi, B la majengo, halafu msururu wa C kwa ufundi maalumu. Springla ni C-16. Kanuni inasema huyu ni mtu anayepanga, anayetengeneza na kufunga mifumo ya kuzima moto ya aina zote pamoja na vifaa vyake, isipokuwa alamu za umeme. Hayo maneno ya mwisho yamewaponza watu. Kengele, vitambua moshi na nyaya zake ni za fundi umeme mwenye C-10. Mwenye jengo akikwambia "nimalizie na vile vya moshi", usijitie kimbelembele. Mitungi ya kuzimia moto ya mkononi nayo ina utaratibu wake mwingine kabisa kwenye Ofisi ya Mkuu wa Zimamoto wa Jimbo.

Je, unaweza kuanza kimya kimya bila leseni? Kuna kazi ndogo zinazoruhusiwa, zisizofika dola 1,000 (zamani ilikuwa 500, wakapandisha Januari 2025), lakini iwe kazi isiyohitaji kibali cha ujenzi na usiwe umeajiri mtu. Sasa niambie ni springla gani utafunga kwenye jengo la watu bila kibali. Na ubaya wake siyo faini tu. Ukifanya kazi bila leseni, mteja akigoma kulipa huwezi kumshitaki. Na kama alishakulipa, anaweza kwenda mahakamani akadai arudishiwe kila senti, hata kama kazi umeifanya vizuri na maji yanatoka. Namjua jamaa aliyejifunza hilo akiwa ameshanunua gari.

Masharti ya kuomba: uwe na miaka 18 kwenda juu, na uwe na miaka 4 ya kazi hiyo ndani ya miaka 10 iliyopita. Siyo miaka 4 ya kubeba mabomba. Inahesabiwa kazi ya fundi kamili anayeachiwa kazi akaifanya bila kusimamiwa, au ya foremani, au ya msimamizi, au ya mkandarasi mwenyewe. Muda wa kuwa saidia fundi haumo. Masomo na uanagenzi vinaweza kufidia mpaka miaka 3, ila angalau mwaka mmoja lazima uwe wa kazi yenyewe.

Hapo ndipo nilipokwama. Naenda kula kidogo, nakuja.

MbuyuWaKigamboni

Nimeweka kambi hapa. Endelea mkuu, usije ukatuacha njiani kama wale wengine.

SaidiaFundi

Nimerudi.

Bongo nilikuwa fundi bomba Temeke, maji safi na maji taka. Huku nilianzia chini kabisa kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Mwaka mzima nabeba bomba, nafagia vyuma, nashika ngazi. Kuanzia mwaka wa pili nikaanza kukata bomba na kutia uzi (ile mikato ya mzunguko ya kufungia viungo), wa tatu nikawa naachiwa ghorofa nzima peke yangu. Mwaka wa sita nikamfuata bosi na fomu ya kuthibitisha uzoefu. Akaisoma, akacheka, akanirudishia: "Nikusainie ili kesho uje kunishindania tenda?" Nikatoka pale nimeduwaa. Nikaenda kukaa kwenye gari.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba anayesaini si lazima awe mwajiri. Anatakiwa awe mtu aliyeiona kazi yako kwa macho yake: fundi mwenzako, foremani, mkandarasi mwingine, mkaguzi wa majengo, mhandisi, mtu wa chama cha wafanyakazi. Kuna mzee mmoja wa Kimeksiko aliyewahi kuwa foremani wangu, wakati huo ameshastaafu. Nikamfuata kwake Jumapili, akasaini juu ya meza ya jikoni huku mkewe akinilazimisha kula.

Kosa likawa langu. Tulijaza mstari mmoja tu, kwamba huyu bwana amefunga mabomba ya springla. Nikaandikiwa nilete maelezo zaidi na vithibitisho. Sahihi ya mtu peke yake haitoshi, wakitaka kuhakikisha wanauliza karatasi za malipo, fomu za kodi, mikataba, vibali.

Kilichoniokoa ni kauntabuku. Temeke nilizoea kuandika kila kazi kwenye kauntabuku kwa sababu ya wateja wasiolipa: tarehe, nyumba ya nani, nimefunga nini, nimebakiza nini. Tabia nikaja nayo huku bila hata kufikiria. Mafundi wenzangu walikuwa wananicheka, wananiita karani. Siku hiyo nikatoa madaftari manne kwenye sanduku la viatu, nikaanza kulinganisha ukurasa kwa ukurasa na karatasi zangu za mshahara.

Nikupeni mfano wa ukurasa mmoja. Jengo la kulea wazee, ghorofa ya tatu. Nimeandika: bomba kuu la inchi 4 la kaplingi, matawi ya inchi moja na robo na inchi moja ya uzi, vichwa 62, jaribio la presha saa 3 asubuhi. Jaribio lenyewe liko hivi: unajaza mfumo maji, unatoa hewa yote, unapandisha presha mpaka 200 psi (kipimo cha presha), halafu unasubiri saa mbili na geji isishuke. Siku hiyo ilishuka. Kidogo tu, mshale ulisogea unene wa ukucha, lakini ulisogea. Kwa macho huoni kitu, bomba zote zinang'aa kavu. Mzee yule akanipa karatasi ya chooni. Nikapanda ngazi, nikawa nazungushia kipande kwenye kila kiungo, napapasa, nashuka, nahama. Kiungo cha kumi na kitu karatasi ikalowa doa la ukubwa wa punje ya mchele. Uzi ulikuwa umekatwa mfupi. Aliyeukata ni mimi.

Niliyaandika yote hayo siku ileile, mpaka aibu yangu. Miaka baadaye ndiyo niliyotumia kueleza kazi niliyofanya: nimepima, nimekata, nimetia uzi, nimefunga vali na bomba la wima, nimejaza, nimejaribu, nimetafuta uvujaji, nimemkabidhi mkaguzi. Safari hii maombi yakapita.

Kibatari

Mkuu samahani, mimi siyo fundi ila nina swali la kitoto. Kwenye filamu mtu anawasha kiberiti chini ya kimoja, jengo zima linanyesha mvua. Ndivyo?

SaidiaFundi

Siyo swali la kitoto, hata wenye majengo wanaliuliza, wanaogopa mazulia yao.

Hapana. Kila kichwa kinajitegemea. Kina kichupa kidogo cha kioo chenye kimiminika ndani, kinene kama njiti mbili za kiberiti. Joto likifika kiwango chake kimiminika kinavimba, kioo kinapasuka, maji yanatoka hapo tu. Rangi inakwambia kiwango: chungwa nyuzi 57 za Selsiasi, nyekundu 68, njano 79, kijani 93, buluu 141. Maofisini na vyumbani utaona zaidi nyekundu. Jikoni karibu na tanuri ukifunga nyekundu utaitwa usiku. Moto mwingi huzimwa au hudhibitiwa na vichwa vichache vya karibu yake. Iko mifumo ya mafuriko ambayo yote hutoka kwa pamoja, lakini hiyo ni ya sehemu kama hanga za ndege na viwanda vyenye hatari yake.

Na moshi haufungui springla. Hata ukaange samaki mpaka majirani waje.

Dalali_Mkongwe

Maelezo meengi. Si unatafuta tu mzungu mwenye leseni, unamlipa kwa mwezi, unafanya kazi kwa jina lake? Watu wanafanya.

SaidiaFundi

Wanafanya, na mimi mwenyewe nimeshafuatwa na kampuni moja baada ya kuipata. Wanakupa pesa, wewe unakaa nyumbani, jina lako linakaa kwao.

Sheria iko hivi. Kila leseni ina mtu mmoja anayeibeba, yaani aliyefaulu mitihani na kuthibitisha uzoefu. Akiwa ni mwajiriwa wa kampuni, lazima awepo kazini kweli: saa 32 kwa wiki au asilimia 80 ya muda kampuni inapofanya kazi, chochote kilicho kidogo. Akiwa ni mmoja wa viongozi wa kampuni ana nafuu kidogo, lakini bado anatakiwa asimamie. Jina la kukodisha likigundulika, anayeadhibiwa ni pande zote mbili. Tena fikiria na upande wa pili, dalali. Siku moto ukiwaka na vali imefungwa, jina lililoko kwenye kibandiko cha bomba ni langu. Mimi nimelala Sacramento, watu wamelala ghorofa ya saba.

Nilikataa. Mke wangu alininunia siku mbili.

Dalali_Mkongwe

Haya, yaishe.

Bin_Mlinzi

Tupe mtihani na gharama. Ndiyo tunayoyasubiri.

SaidiaFundi

Ada ya maombi ni dola 450. Ukifaulu, leseni ya kwanza ni 200 kama unafanya biashara kwa jina lako mwenyewe, 350 kama ni kampuni. Unachukuliwa alama za vidole kwa njia ya kielektroniki, wanaangalia kama una rekodi ya jinai. Kisha dhamana ya dola 25,000. Msishtuke, hulipi elfu ishirini na tano taslimu. Unanunua kwa kampuni ya bima, unalipa sehemu ndogo kwa mwaka kutegemea historia yako ya mikopo. Mwenye historia chafu analipishwa mara kadhaa ya mwenzake, kwa hiyo anza kusafisha mapema kabla hujaanza hata kusoma. Ukiwa na wafanyakazi, bima yao ya ajali kazini ni lazima.

Mitihani ni miwili, yote ya kuchagua jibu kwenye kompyuta. Wa ufundi, na wa sheria na biashara. Tangu maombi yakubaliwe una miezi 18 ya kufaulu yote, ikipita unaanza upya na kulipa upya.

Kila fundi anaogopa wa ufundi. Mimi ulionitoa jasho ni wa sheria. Mikataba, kodi za mishahara, haki ya mkandarasi kuzuia mali akidhulumiwa, usalama kazini. Mfano: ukifanya ukarabati wa nyumba ya mtu, malipo ya awali hayaruhusiwi kuzidi asilimia 10 ya mkataba au dola 1,000, kile kilicho kidogo. Mimi nimetoka Temeke, fundi anachukua nusu kabla hajafungua begi la vifaa! Nilijibu vibaya kila mara nilipokuwa najipima nyumbani, akili ilikuwa inakataa.

Wa ufundi unataka uwe unajua viwango vya NFPA, shirika la Marekani la viwango vya kinga ya moto. NFPA 13 ni kufunga springla kwa ujumla, 13R ni majengo ya makazi ya ghorofa mpaka nne, 13D ni nyumba za familia moja au mbili, 25 ni ukaguzi na matunzo. Hiyo 13D ina soko hapa, kwa sababu tangu Januari 2011 nyumba mpya za makazi California lazima ziwe na springla, hata nyumba ya chini ya familia moja.

Hesabu zipo lakini haziumi. Ile kuu: maji yanayotoka ni namba maalumu ya kichwa mara kipeuo cha pili cha presha (kwa psi). Kichwa cha kawaida namba yake 5.6. Presha ikiwa 25, kipeuo chake ni 5, mara 5.6 unapata galoni 28 kwa dakika. Presha ikishuka mpaka 7, ambayo ndiyo ya chini kabisa inayokubalika, unapata kama 14.8. Presha imeshuka zaidi ya mara tatu, maji yamepungua nusu tu. Ukilielewa hilo, mambo mengi ya mifumo hii yanakaa sawa kichwani.

Mulenda_Dallas

Bandugu, miye niko Texas, natoka Lubumbashi. Huku ni tofauti. Leseni zinatolewa na jimbo lenyewe. Kampuni inapewa cheti, lakini lazima iwe na mtu anaitwa RME, yaani mwajiriwa msimamizi anayebeba dhamana. RME-G ni mifumo yote, RME-D ni nyumba za kuishi tu, RME-U ni mabomba ya chini ya ardhi. Kwa RME-G wanaomba cheti cha mafundi cha NICET, ngazi ya tatu ya kuchora mifumo ya springla, ama uwe mhandisi mwenye leseni. Kwa hiyo huku ukijua kuchora uko mbele sana. Miye nilianza na ile ya chini ya ardhi. Kuchimba najua.

SaidiaFundi

Asante ndugu wa Dallas. Wadau mnaona? Hiyo C-16 yangu nikivuka kwenda kwake hainipi kazi hata ya siku moja.

Mfereji254

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu unaenda NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, iliyoanzishwa na sheria ya 2011. Kazi za zimamoto zinaingia upande wa wakandarasi maalum. Madaraja ni NCA 8 mpaka NCA 1. Ukiwa maalum daraja la nane, mwisho wako ni kazi ya shilingi milioni 5, daraja la kwanza halina mwisho. Wengi wanadhani daraja ni heshima, kumbe ni kikomo cha tenda. Na kuna kazi nyingine ambayo vijana wanaiacha wazi: kanuni za kupunguza hatari ya moto za 2007 zinataka kila sehemu ya kazi ifanyiwe ukaguzi wa usalama wa moto kila miezi kumi na miwili, na mkaguzi awe ameidhinishwa na DOSHS, idara ya usalama na afya kazini. Mimi nilianza hapo. Ukishakagua jengo ukaona kasoro, mwenyewe anakuuliza nani atarekebisha.

KotaZaKeko

Mfereji254 hapo mwisho pana mgongano wa maslahi mzee, unakagua halafu unajipa kazi.

Mfereji254

Simchagulii, ninampa majina matatu. Langu liko la tatu. 😄

FundiMkuu_Ilala

Kwa wa Bongo: huku ni CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, sheria ya 1997, unasajiliwa kama kampuni kwa daraja. Kampuni inatakiwa iwe na mkurugenzi wa ufundi mwenye sifa, kwa hiyo ukiwa na ufundi bila vyeti, tafuta mwenye vyeti muingie ubia wa kweli, siyo wa kuazimana jina. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya 2007, wao ndio wanaopitia michoro ya jengo na kukagua. Usajili wa CRB haukuondolei wao, na wao hawakuondolei CRB. Tangu Soko la Kariakoo liungue Julai 2021 simu za wenye maghorofa ni nyingi, ila nusu yao wanataka mtungi mmoja wa kutundika mlangoni ili mkaguzi auone.

SaidiaFundi swali: kazi niliyofanya Bongo miaka minane itanisaidia nikija huko?

SaidiaFundi

Inaweza, mkuu. Hawasemi kazi iwe ya Marekani. Wanataka iwe ya fani hiyohiyo, ndani ya miaka 10, na awepo mtu aliyeiona anayeweza kusaini na kujibu akipigiwa. Karatasi za Kiswahili zitafsiriwe. Sasa jiulize: mikataba yako unayo? Stakabadhi? Vibali? Aliyekusimamia 2019 namba yake bado inapatikana? Yangu ya Temeke sikuitumia kwa sababu ilikuwa ya mabomba ya nyumbani, siyo ya moto. Kama wewe umefunga springla na bomba za mipira ya zimamoto kwenye maghorofa, anza leo kukusanya. Picha nazo zina maana zikiwa na tarehe.

Msafiri_wa_Usiku

Mimi sina SSN (namba ya hifadhi ya jamii), nina ITIN (namba ya kulipia kodi) tu. Nisipoteze muda?

SaidiaFundi

Hupotezi. Sheria ya jimbo ya 2014 ilizilazimisha bodi za leseni kupokea ITIN badala ya SSN, na CSLB inapokea. Leseni lakini siyo kibali cha kuishi wala cha kuajiriwa, hayo ni mambo mengine na yana mwanasheria wake. Usimwamini mtu wa jukwaani, hata mimi.

Binti_Pangani

Kaka, niko Sacramento mwaka wa pili sasa, kazi yangu ni ya ghala usiku. Nimesoma ufundi bomba VETA, chuo cha ufundi cha Bongo. Nikitaka kuanza kama wewe naanzia wapi? Na wanawake wapo?

SaidiaFundi

Wapo dada, wachache lakini wapo, na mmoja ananizidi mimi kwa kukata uzi.

Usianze na C-16. Anza na ruhusa ya kushika bomba. Tangu Julai 2017 fundi wa springla hapa anatakiwa awe na cheti cha Ofisi ya Mkuu wa Zimamoto wa Jimbo, au awe ameandikishwa kama mwanagenzi au mwanafunzi wa kazi. Kuna cheti cha majengo ya makazi ya familia nyingi na kuna cha biashara. Ingia kama mwanagenzi, chama cha mafundi kinachukua, kampuni zisizo na chama nazo zinachukua. Unalipwa huku unajifunza, na uanagenzi ukiumaliza unahesabiwa baadaye kwenye ile miaka minne. Cheti chako cha VETA usikiache sandukuni.

Binti_Pangani

Nimekutumia PM.

SaidiaFundi

Nimeiona. Jumatatu saa 12 asubuhi, anwani nimekuandikia humo. Viatu vya chuma unavyo?